Wapangaji wa utumboni: wakivurugana tunaugua, lakini si kila ugonjwa ni wao

Basi lilikuwa halijafika Kibaha mwuza dawa alipoegemea kiti cha mbele, akasafisha koo na kuanza. "Ndugu abiria, poleni na safari. Magonjwa yote, tisa kwa kumi, yanaanzia tumboni. Hapo ulipokaa umebeba kilo saba za uchafu." Mkono mmoja ulishika picha ya utumbo mweusi kama bomba la moshi, mwingine pakiti ya unga wa kijani. Kijiko kimoja usiku, asubuhi unaharisha mpaka yanatoka maji matupu. Kisukari, presha, vidonda vya tumbo, chunusi, kukosa mtoto: vyote kwa unga huohuo.

Mama aliyekaa karibu nami, safari yake ya Same, alinunua pakiti mbili. Moja yake, nyingine ya mwanawe wa miaka minne aliyekuwa anaharisha tangu aanze dozi ya amoksilini. Makala hii naiandika kwa sababu ya ile pakiti ya pili.

Shida ni kwamba yule bwana hakuwa anaongopa moja kwa moja. Kwa miaka ishirini hivi maabara za dunia zimekuwa zikionyesha kwamba vijidudu wa utumboni wana mkono katika afya yetu kuliko tulivyodhani. Habari hiyo ilitoka maabara, ikapita redioni na kwenye simu zetu, na ilipofika ndani ya basi ilikuwa imeshakuwa unga wa kijani.

Tuanze na wenyewe wanaosemwa. Wataalamu wanaita mikrobiomu ya utumbo jumla ya vijidudu wote wanaoishi kwenye njia ya chakula pamoja na vinasaba vyao. Wengi ni bakteria, wakifuatwa na virusi, fangasi na wengine wachache. Kwenye mfuko wa tumbo, pale chakula kinapotua kwanza, si wengi, kwa sababu tindikali inawaunguza. Utumbo mwembamba nao una mwendo wa haraka. Makazi yao hasa ni utumbo mpana, ambako mambo huenda polepole na oksijeni ni adimu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 iliwakadiria kuwa trilioni 38 ndani ya mwanamume wa kilo 70, ambaye seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Ile kauli kwamba wanatuzidi kumi kwa mmoja ni makadirio ya zamani yaliyorudiwa mpaka yakaonekana kweli. Ukiwaweka wote kwenye mizani wanafika gramu 200 hivi, hata robo ya sukari ya dukani hawafikishi. Zile kilo saba zilikuwa za mizani ya mwenye dawa.

Uchukulie utumbo mpana kama nyumba ya kupanga ya uswahilini: vyumba vingi, ua mmoja, kila mtu na shughuli yake. Anayeuza vitumbua anamwaga pumba, kuku wa jirani wanakula, na mayai ya kuku hao yanarudi kwa muuza chapati wa chumba cha nne. Bakteria nao wanaishi hivyo. Nyuzinyuzi za maharage, mtama, mchicha au ndizi mbichi sisi hatuna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo zinafika utumbo mpana zikiwa nzima. Kundi moja linazivunja, la pili linakula mabaki ya la kwanza, na mwisho wa mnyororo huo inatoka asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo wetu. Hiyo ndiyo kodi yao. Wanatoa pia vitamini K na baadhi ya vitamini B, na wanaifundisha kinga ya mwili kumtofautisha mwenyeji na mvamizi. Halafu kuna kazi wanayoifanya kwa kuwapo tu: vyumba vikijaa, mhuni anayepita hapati pa kutandika.

Kuvurugika kwa mikrobiomu ni nini basi? Wengi wanafikiri ni wabaya kuwazidi wazuri, kama mpira wa Simba na Yanga. Haiko hivyo. Bakteria aina ya E. coli karibu kila mtu anao na hawamfanyi lolote, lakini zipo koo za E. coli zinazoua. Kuvurugika ni pale aina za wapangaji zinapopungua sana, au kundi moja linapovimba na kumeza mengine, au kazi muhimu inapokosa wa kuifanya. Hakuna orodha moja ya majina ambayo kila mtu mzima mwenye afya lazima awe nayo.

Ushahidi tunao hapa nyumbani. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliolinganisha kinyesi cha Wahadzabe 27 wa kandokando ya Ziwa Eyasi na cha Waitaliano 16 wa Bologna. Wahadzabe, wanaokula mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama ya kuwinda, walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Lakini watu wazima wao hawakuonekana kabisa kuwa na bifidobakteria, wale wanaosifiwa kwenye makopo ya mtindi kama walinzi wa tumbo. Kwa kipimo cha makopo, Wahadzabe ni wagonjwa mahututi. Utafiti mwingine wa 2017 ulikuta kwamba baadhi ya bakteria wao wanapotea masika na kurudi kiangazi, kadiri chakula cha porini kinavyobadilika. Kubadilika peke yake, basi, si ugonjwa.

Sasa tuingie kwenye ugonjwa wenyewe, tukianza na ule usio na ubishi. Kuna bakteria anaitwa Clostridioides difficile. Anaweza kukaa kimya utumboni, au akaingia kama mbegu ngumu kutoka kwenye kitasa cha mlango wa wodi. Mbegu hizo spiriti ya kupaka mikono haiziui, zinataka sabuni na maji. Nyumba ikiwa imejaa, hana nafasi. Kisha mgonjwa anapewa antibayotiki kwa ajili ya nimonia. Dawa inawaua walioleta nimonia, ila haikupewa orodha ya majina, inapita utumboni pia ikigonga chumba kwa chumba. Vyumba vinabaki wazi, na paka akiondoka panya hutawala. C. difficile anazaliana, anatoa sumu inayochubua ukuta wa utumbo, na mgonjwa anaharisha mchana na usiku. Wapo wanaokufa. Tiba ya kawaida ni antibayotiki nyingine, kwa mfano vankomisini. Inamwondoa mhuni, lakini nyumba inabaki tupu vilevile na mbegu zake zimebaki uani. Ndiyo maana kwa baadhi ya watu ugonjwa unarudi, unatibiwa, unarudi tena.

Dawa ya kurudia huko najua itakukunja uso. Mwaka 1958 huko Denver, Marekani, daktari wa upasuaji Ben Eiseman na wenzake walikuwa na wagonjwa wanne waliokuwa hoi kwa kuharisha baada ya antibayotiki. Waliwaingizia kwa njia ya haja kubwa kinyesi cha watu wenye afya kilichochanganywa na maji. Wakapona. Jambo hilo lilikaa pembeni kwa miongo mingi, watu wakiliona aibu kulizungumzia, mpaka Waholanzi walipolifanyia jaribio rasmi lililochapishwa mwaka 2013. Kati ya wagonjwa 16 waliopewa kinyesi kilichochujwa kupitia mpira wa puani, 13 walipona kwa mara ya kwanza, na wengine wawili baada ya kurudiwa. Kati ya 13 waliopewa vankomisini peke yake, walipona wanne tu. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda, maana ilionekana si haki kuendelea kuwanyima wengine.

Shika vizuri kilichotokea hapo, kwa sababu ndicho kipimo nitakachotumia mpaka mwisho. Ushahidi umefungwa pande mbili. Ukivuruga wapangaji, ugonjwa unakuja. Ukiwarudisha, ugonjwa unaondoka.

Na hata tiba hiyo ina meno. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walipata maambukizi ya E. coli sugu kutoka kwenye kinyesi cha mchangiaji mmoja ambacho hakikuwa kimepimwa bakteria huyo. Mmoja alifariki. Sasa wachangiaji wanachunguzwa kwa ukali kuliko wachangia damu, na mamlaka hiyo imeidhinisha bidhaa zilizotengenezwa kwa utaratibu, ya kwanza Novemba 2022, na Aprili 2023 ikafuata ya vidonge. Anayekufundisha mtandaoni kufanya mambo hayo nyumbani kwa blenda, mkimbie.

Mfano wa pili una sura tunayoifahamu: mtoto wa unyafuzi, miguu imevimba, nywele zimepauka. Tangu zamani tuliambiwa ni upungufu wa protini, basi. Lakini swali lilibaki: kwa nini katika nyumba moja, sufuria moja, mtoto mmoja anavimba na ndugu yake hapana? Watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha nchini Malawi mpaka umri wa miaka mitatu. Katika jozi 43 kati ya kila 100, pacha mmoja alipata utapiamlo mkali na mwenzake akabaki salama. Kinyesi chao kilipandikizwa kwa panya waliolelewa bila bakteria wowote. Panya waliopewa bakteria wa pacha mwenye unyafuzi, tena wakalishwa chakula kama cha Malawi kinachotawaliwa na unga wa mahindi, walikonda vibaya. Waliopewa bakteria walewale lakini chakula cha kawaida cha maabara hawakukonda hivyo. Kwa hiyo chakula duni peke yake hakikutosha, bakteria peke yao hawakutosha. Vilipokutana ndipo balaa. Ripoti hiyo ilitoka mwaka 2013.

Kutoka hapo likaja wazo la kumlisha mtoto pamoja na wapangaji wake. Mirpur, mtaa wa maskini jijini Dhaka, Bangladesh, watoto wa miezi 12 hadi 18 wenye utapiamlo wa wastani walipewa kwa miezi mitatu chakula kilichotengenezwa kwa unga wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi. Wenzao walipewa chakula cha lishe cha kawaida chenye nishati nyingi zaidi. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba wale wa ndizi na dengu waliongezeka uzito vizuri zaidi, ingawa nishati waliyopewa ilikuwa ndogo, na bakteria wanaoendana na ukuaji mzuri waliongezeka. Ndizi mbichi na karanga! Mtu wa Bukoba akisoma hapa ana haki ya kutabasamu, ingawa mchanganyiko ule ulipimwa gramu kwa gramu na haukuwa matoke ya nyumbani.

Kwale, pwani ya Kenya, walijifunza upande mwingine wa jambo hilohilo. Watoto wa miezi sita waliwekewa unga wa virutubisho wenye madini ya chuma kwenye uji wa mahindi kwa miezi minne, ili kuzuia upungufu wa damu. Nia njema. Lakini chuma kisichofyonzwa kinafika utumbo mpana, na huko wanaokipenda sana ni jamaa wa E. coli. Wale wenye kuleta magonjwa waliongezeka, na dalili za uvimbe wa utumbo zikapanda. Timu hiyohiyo ilipoongeza kwenye unga aina ya sukari ambayo mtoto hawezi kuimeng'enya lakini bifidobakteria wanaila, madhara yalipungua. Chakula hicho cha bakteria kinaitwa prebiotiki. Usichanganye na probiotiki, ambao ni bakteria hai wenyewe. Kimoja ni ugali, kingine ni mgeni.

Baada ya hapo barabara ya lami inakwisha. Unene, kisukari, presha, sonona, ugonjwa wa Parkinson: kwa kila kimojawapo utasoma kwamba wagonjwa wana bakteria tofauti na wazima. Huenda ni kweli. Lakini ukikuta umati penye ajali, si umati uliogonga. Mfano ninaoupenda ni wa kisukari cha aina ya pili. Tafiti za mwanzo zilitaja bakteria waliodhaniwa kuwa alama ya kisukari. Mwaka 2015 wengine walirudi kwenye takwimu na kutenganisha wanaomeza metfomini, kidonge cha kisukari, na wasiomeza. Sehemu kubwa ya tofauti ile ilikuwa imeletwa na kidonge! Kila anayetumia metfomini anajua gesi yake, kwa hiyo asishangae kwamba wapangaji nao wanaisikia.

Kwenye unene, panya waliopandikizwa bakteria wa mtu mnene walinenepa kuliko waliopewa wa pacha wake mwembamba. Ilikuwa habari kubwa. Binadamu wanene walipopandikizwa kinyesi cha wembamba, uzito haukupungua kwa kiasi cha maana. Upande wa pili wa kipimo chetu umekataa kufunga. Ugonjwa wa uvimbe na vidonda kwenye utumbo mpana uko katikati: katika majaribio ya 2015 na 2017, kama robo ya waliopandikizwa walipata nafuu, wakati kwa waliopewa maji ya kuzugia hakufika hata mmoja kati ya kumi. Si haba, ila si uponyaji wa jukwaani.

Vidonda vya tumbo niviweke pembeni, maana kwenye basi viliingizwa humohumo. Vingi vinaletwa na bakteria mmoja, Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki zikitumiwa mfululizo. Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha hilo la bakteria. Marshall alifika hatua ya kumnywa mwenyewe ili waamini. Huo ni uvamizi wa mmoja mwenye jina, si ugomvi wa nyumba nzima, na tiba yake ni antibayotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, mpaka dozi iishe. Mtindi hauondoi H. pylori. Unga wa kijani ndiyo kabisa.

Nisieleweke kwamba antibayotiki ni adui. Malawi hiyohiyo, watoto 2,767 wenye utapiamlo mkali waliotibiwa wakitokea nyumbani waligawanywa kwa bahati. Katika kundi lililopewa dawa ya kuzugia walikufa asilimia 7.4, kundi la amoksilini, asilimia 4.8. Dawa inayovunja nyumba kwa mtu mwenye mafua iliokoa watoto pale ilipohitajika. Mafua ni ya virusi, na kirusi amoksilini hamjui.

Na probiotiki je? Kuna pahali zinang'aa. Katika jimbo la Odisha, India, zaidi ya watoto wachanga 4,500 walishiriki jaribio la bakteria mmoja aliyechaguliwa kwa makini, akichanganywa na chakula chake. Maambukizi ya damu na vifo kwa pamoja vilipungua kwa asilimia 40. Lakini chupa yoyote ya duka la dawa si bakteria yule. Watafiti wa Israeli walionyesha mwaka 2018 kwamba watu waliomeza probiotiki za dukani baada ya antibayotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kitu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wengi hawashiki jembe, wanapita na kuondoka, na wakati mwingine wanakalia kiti cha mwenye nyumba.

Mtindi na togwa navitetea kwa sababu nyingine. Togwa iliyochachuka vizuri ina asidi inayowazuia vijidudu wa kuharisha wasizaliane kwenye uji, na utafiti wa miaka ya 1990 hapa Tanzania ulikuta watoto waliokunywa uji uliochachushwa wakiharisha mara chache zaidi. Hiyo kazi inaanzia kwenye kikombe kabla ya kufika utumboni. Na mwaka 2025 zilitoka habari za Kilimanjaro, ambako wanaume 77 walihusika. Waliozoea chakula cha kijijini wakabadilishiwa kwa wiki mbili chakula cha kizungu cha viwandani, na damu yao ikaonyesha uvimbe wa ndani, yaani kinga ya mwili kuwaka, ukipanda. Waliohamia chakula cha asili, cha mboga, maharage na ndizi, walikwenda kinyume. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, wiki moja, na uvimbe ukapungua. Kilichopimwa ni kinga na damu, na muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo wajomba zangu wa Marangu wasiifanye cheti cha kilabuni.

Tulipofika Chalinze mwuza dawa alikuwa ameshashuka. Nikamuuliza yule mama kama naweza kuiona pakiti. Haikuwa na jina la mtengenezaji, wala kipimo cha mtoto. Kwa harufu ilikuwa sanamaki, ambayo inakamua utumbo usukume. Ukimkamua mtoto ambaye tayari anaharisha, yanayotoka ni maji na chumvi za mwili wake. Wapangaji wanapungua kwa muda na kurudi polepole, mtoto ndiye asiyeweza kungoja.

Nikamwambia ninachokijua. Amoksilini hulegeza choo cha watoto wengi na kwa kawaida hutulia dozi ikiisha; asiikatishe bila kumuuliza aliyeiandika. Ampe ORS kila anapoharisha, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na chakula aendelee kula. Akiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, mtoto analala tu au hanywi, ni kituo cha afya siku hiyohiyo. Na mtu mzima anayeharisha mara tatu au zaidi kwa siku wakati wa antibayotiki au wiki chache baadaye, hasa aliyetoka kulazwa, akamwambie daktari jina la dawa aliyotumia kabla hajanunua vidonge vya kufunga choo.

Alisikiliza, akaniuliza kama zinki inauzwa Same. Pakiti ya mtoto aliiacha kwenye mfuko wa kiti. Ya kwake aliirudisha kwenye pochi.